Mashine Tuliyoibariki na Fundi Tuliyemsahau



Dominika ya 15 ya Mwaka C Kanisa hutusomea Injili ya Msamaria Mwema kutoka Luka sura ya 10, na mara nyingi sisi mapadre huhubiri juu ya kuhani na Mlawi waliopita kando. Ni vema tuhubiri hivyo, maana kuhani ni sisi. Safari hii, hata hivyo, tumeona tutue kwenye aya ya 35, ambayo wengi wetu huipita mbio kama kuhani yule alivyompita majeruhi. Msamaria alikuwa amekwisha kuyafunga majeraha, amekwisha kumpandisha mtu yule juu ya mnyama wake na kumuuguza usiku kucha. Kwa hesabu zetu za kibinadamu kazi ilikuwa imekwisha. Lakini asubuhi alitoa dinari mbili, akamkabidhi mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kwamba chochote kitakachozidi atakilipa arudipo.

Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo tunayotaka kuizungumza, yaani ile gharama inayozidi, inayokuja baada ya picha kupigwa na wageni kuondoka. Tutaizungumza kwa njia ya mafunzo kwa vitendo aliyoyafanya binti mmoja wa parokia yetu, mwanafunzi wa ufundi sanifu wa vifaa tiba, kwa majuma manane katika hospitali mojawapo ya wilaya zetu hizi mbili za Tarime na Serengeti. Hospitali yenyewe hatutaitaja, nanyi tunawaomba msijitaabishe kuibahatisha. Makosa tutakayoyasimulia kwa sehemu kubwa ni yetu sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katikati ya masika, tuliitwa saa nane za usiku kwenda wodi ya wazazi. Mama wa kigango chetu kimoja alikuwa amejifungua mtoto njiti, na wauguzi waliona heri padre afike kuliko kungoja mapambazuko. (Kanisa linafundisha kwamba penye hatari ya kifo mtu yeyote aweza kubatiza, na muuguzi wa zamu alilijua hilo vizuri, ila mama alimtaka padre wake, nasi tukaenda.) Mashine ya oksijeni iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa moja tu, na mpira wake ulikuwa umegawanywa ili uwafikie watoto wawili. Tulimimina maji juu ya kichwa kisichozidi chungwa, tukamaliza sala, tukainua macho. Ukutani, hatua tatu kutoka pale, palikuwa na kitu kilichofunikwa kwa kitenge safi, na juu yake maua ya plastiki na sanamu ndogo ya Bikira Maria. Tulidhani ni meza. Muuguzi alipoinua pindo la kitenge ili achukue pamba aliyoihifadhi nyuma yake, tuliona magurudumu, waya uliokunjwa, na kibandiko chenye maandishi ya Kiingereza.

Mashine ile tuliijua. Tuliibariki kwa mikono yetu.

Ilikuja pamoja na shehena kutoka kwa parokia rafiki nchini Marekani, watu wema waliochanga fedha zao kwa moyo, wakafunga makasha, wakayalipia meli na ushuru. Siku ya kuikabidhi palikuwa na kwaya, ngoma, viongozi wa serikali na maji ya baraka. Tulipiga picha tukiwa tumesimama kando ya mashine, nayo haijachomekwa kwenye umeme bado, tukaituma picha hiyo pamoja na barua ya shukrani iliyoandikwa kwa Kiingereza safi cha seminarini. Mashine za kule hutengenezwa kwa umeme wa volti 120. Wetu ni wa volti 230. Siku mbili baada ya sherehe mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, alikata plagi ya kigeni akafunga ya kwetu, akaichomeka. Ilinguruma kwa muda mfupi, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikanyamaza. Hapakuwa na mtu aliyepata ujasiri wa kumwambia Paroko, na Paroko naye hakuwahi kuuliza. Barua yetu ya shukrani ilikuwa ingali njiani.

Mtoto yule tulimzika siku ya tatu. Hatusemi kwamba mashine ile ingemwokoa. Daktari hakusema hivyo, na si haki kumbebesha mtu yeyote mzigo wa neno ambalo daktari hakulisema. Tunasema tu kwamba ilikuwepo, hatua tatu kutoka kwake, ikiwa imebeba maua.

Tangu usiku ule tumekuwa tukijiuliza, na kuwauliza wengine, kwa nini ilikuwa rahisi kwetu kuwaza namna ya kuileta mashine, wala hatukuwaza namna itakavyoishi. Tunaona haya zaidi kwa kuwa sisi ni watu wa Mara. Hapa petu hakuna mzee, awe Mkurya, Mngoreme au Mwikoma, atakayempa mtu ng'ombe pasipo kujua atachungwa na nani, atanywa maji wapi, na josho liko umbali gani. Ng'ombe asiyeogeshwa hupata kupe, kupe huleta ndigana, na ndigana haijali kama ng'ombe huyo alitolewa mahari au alitolewa sadaka. Mtoto wa miaka kumi anajua hayo. Hekima hiyo tunayo zizini, ila tukifika mlangoni pa hospitali tunaivua pamoja na kofia.

Nasi hatuko peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu misaada ya vifaa vya afya mwaka 2000, na mwingine mwaka 2011, likieleza kwamba katika baadhi ya nchi sehemu kubwa ya vifaa hivyo hununuliwa kwa fedha za wafadhili au hutolewa bure, na kwamba vingi kati ya hivyo havifikii hata siku moja ya kazi. Mwaka huohuo wa 2011 watafiti Lora Perry na Robert Malkin walichapisha hesabu ya vifaa 112,040 katika hospitali za nchi 16 zenye uhaba, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Malkin ndiye aliyeanzisha shirika la Engineering World Health mwaka 2001 pamoja na mwenzake Mohammad Kiani. Shirika hilo limekuwa likiwapeleka wanafunzi wa uhandisi katika hospitali za nchi maskini, Tanzania ikiwamo: mwezi wa kwanza hujifunza Kiswahili na ufundi, mwezi wa pili huingia hospitalini na kisanduku cha vifaa.

Kuna utafiti mwingine wa Malkin, wa mwaka 2010 pamoja na Allison Keane, ambao ulitugusa kuliko huo. Walipitia maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 katika nchi 11, wakauliza swali la kiungwana kabisa: je, ili kuvirudisha vifaa hivi kazini, kwa kweli inahitajika nini? Tulitarajia jibu liwe ni vipuri kutoka Ulaya na wahandisi wenye shahada tatu. Sivyo. Walikuta kwamba theluthi mbili hivi ya vifaa vilivyokufa vingeweza kufufuliwa kwa stadi 107 za msingi, za umeme, mota, mabomba na kumwelekeza mtumiaji, bila kuagiza kipuri chochote kutoka ng'ambo. Stadi 107! Katekista wetu mmoja, ambaye hutengeneza pikipiki siku za juma, alipoambiwa alicheka, akasema yeye peke yake anazo kama 60, zilizobaki amletee nani?

Ndipo tumrejee binti yetu.

Alizaliwa katika mojawapo ya vigango vyetu vya mpakani, akasoma sekondari ya kata, kisha akachaguliwa kwenda chuo cha ufundi mjini Arusha. Kwa wazazi wanaotusoma, tueleze kwa kifupi kwamba fani hii ipo nchini mwetu na si ndoto: Chuo cha Ufundi Arusha huifundisha, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam pia. Mwanafunzi hujifunza umeme na elektroniki, na hujifunza vilevile mwili wa binadamu kiasi cha kujua mashine inafanya nini juu ya mgonjwa. Kila mwaka hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, au kama vijana wasemavyo, huenda fildi. Ni hapo penye kidonda.

Baba yake, mtu mwema na Mkristo wa kuaminika, aliuza ng'ombe ili kulipia karo. Alipopata habari kwamba binti yake anafundishwa kushika bisibisi, alikuja ofisini kwetu na malalamiko. Alidhani amempeleka kusomea uganga, kumbe amempeleka kusomea ufundi redio. Tulimsikiliza. Ni kweli kwamba katika jamii yetu, ambamo bado tunapigania binti asikeketwe na asiozwe kabla ya wakati, binti anayepanda juu ya ngazi akiwa na koleo mkononi ni jambo geni machoni. Hatukumjibu siku ile kwa maneno mengi. Tulimwomba tu aje hospitalini siku moja amwone kazini, naye hakuja, au tuseme hakuja wakati ule.

Hospitalini nako mapokezi yalikuwa ya baridi. Hatumlaumu mtu, wahudumu wetu wamezidiwa na kazi, na mwanafunzi wa fildi kwao ni mdomo mmoja zaidi wa kuuliza maswali. Juma la kwanza alipewa kazi ya kubeba mafaili kutoka mapokezi hadi maabara. Juma la pili alitumwa chai. Hapakuwa na chumba cha ufundi, bali stoo iliyofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake ulikuwa kwa mtu aliyehamishwa. Posho hakuwa nayo. Alilala kwa shangazi yake, kilomita saba kutoka hospitalini, akija kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, na tunashukuru kwamba hakupatwa na baya njiani. Wakati huohuo tunakumbuka, nasi tunasema bila husuda, namna ambavyo mahali pengine wageni wa umri wake kutoka nchi za mbali hupokewa kwa kazi hiyohiyo: chumba, chandarua, kiti ofisini na soda baridi. Wageni wastahili ukarimu, na Abrahamu chini ya mialoni ya Mamre ni shahidi wetu. Lakini mgeni atarudi kwao baada ya mwezi mmoja. Huyu wetu ndiye atakayeitwa mashine itakapozimika mwezi wa kumi na mbili saa tisa za usiku.

Juma la tatu kufuli la stoo lilikatwa. Muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi, ambaye ndiye aliyetuinulia kitenge usiku ule, alikwenda kwa mganga mfawidhi akasema kwamba kuna mtoto wa fildi anayejua mashine, naye anabeba mafaili. Ndani ya stoo palikuwa na makaburi yasiyo na misalaba: vipima presha vilivyorundikwa kama viatu vikuukuu, mashine za kufyonza makohozi, hadubini, kitakasa vyombo kwa mvuke, taa za upasuaji, na mashine tatu za oksijeni, mojawapo ikiwa ni ile yetu, imekwisha kuvuliwa kitenge.

Tulipata nafasi ya kukaa naye alasiri mbili tatu, na tungependa kuyasimulia tuliyoyaona kwa kituo, kwa sababu humo tulijifunza zaidi ya tulivyojifunza katika semina nyingi. Vipima presha karibu vyote havikuwa na ugonjwa wowote ila mpira uliotoboka. Alikata mpira mzima kwenye kimoja akauhamishia kwenye kingine, akavipima kwa kuvilinganisha na kimoja kipya. Hadubini ilikuwa imekosa balbu na kioo chake kimeota ukungu; aliisafisha kwa pamba na spiriti kwa subira ya mtu anayemwogesha mtoto. Mashine ya kufyonza ilivuja kwenye kifuniko cha chupa. Kitakasa vyombo kilihitaji mpira wa mlango, na huo haukupatikana Tarime wala Musoma. Ulisubiri gari la Mwanza.

Mashine za oksijeni alituelezea kama katekista anavyowaeleza watoto wa komunyo ya kwanza. Hewa tunayoivuta, alisema, ina oksijeni asilimia 21 tu, sehemu kubwa iliyobaki ni naitrojeni. Mashine huisukuma hewa ndani ya mitungi yenye punje za madini yaitwayo zeolaiti. Punje hizo huishika naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite, hata inayomfikia mgonjwa ni ya asilimia 90 hivi. Ndiyo maana haihitaji kujazwa kama mtungi. Inahitaji umeme, na inahitaji hewa safi. Kisha akaigeuza ya kwanza, akatoa nyuma yake kipande cha sponji. Kilikuwa cha rangi ya matofali. Vumbi la barabara zetu, mnalijua lile la kiangazi baada ya mavuno, lilikuwa limekiziba kabisa, mashine ikawa inahema kama mtu aliyefungwa kitambaa puani, ikapata joto, ikajizima yenyewe kwa kujihami. Sponji hiyo huoshwa kwa maji na sabuni na kukaushwa vizuri, mara moja kwa juma. Alikwenda bombani, akaiosha. Yalitoka maji mekundu. Alipomaliza kuikausha na kubadilisha mrija mmoja uliopasuka, aliiwasha, akaiacha ifanye kazi kwa saa kadhaa, akaipima kwa kifaa alichoazima, akatabasamu.

Mashine hiyo ilikuwa imelala stoo tangu lini hakuna aliyejua. Ilirudi wodini siku hiyohiyo.

Ya tatu ilikuwa ile yetu. Aliifungua pembeni, akatuonyesha nyaya za mota zilizogeuka rangi ya kahawa iliyoungua, akatuambia kwa adabu, "Baba Paroko, hii imekufa." Tulimuuliza kama transfoma ingeisaidia siku ile ya kwanza. Alijibu kwamba transfoma ya kushusha umeme ingeizuia isiungue, lakini mashine za kule hutengenezwa pia kwa mapigo 60 ya umeme kwa sekunde, na yetu ni 50, hivyo mota ingeendelea kuteseka polepole. Kilichotakiwa ni mtu wa kuwaandikia wafadhili mstari mmoja kabla ya kufunga makasha: tuleteeni ya volti 230, mapigo 50. Mstari mmoja! Nasi tulikuwa tumewaandikia kurasa nne. Hata hivyo hakuitupa. Alitoa kipimio chake cha mtiririko, mirija mizima na magurudumu mawili, akavifunga kwenye ile ya pili iliyokuwa na upungufu huo, na hiyo nayo ikafanya kazi. Basi zawadi ya rafiki zetu inavuta pumzi hata leo, ingawa kwa jina la mashine nyingine. Tumewaandikia barua ya pili kuwaeleza yote. Ilituchukua siku nne kuipata aya ya kwanza. Walijibu kwa unyenyekevu uliotuaibisha zaidi, wakiuliza sasa watume nini, nasi tumewajibu: karo ya fundi.

Wapo watakaosema Paroko ameacha Injili anahubiri umeme. Tunawaomba wafungue kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, ambacho sisi Wakatoliki tumejaliwa kuwa nacho katika Biblia yetu. Sura hiyo huanza kwa kumheshimu tabibu na mtengeneza dawa, na aya hizo hatukosi kuzisikia kila ifikapo tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani iliyowekwa na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Lakini wangapi kati yetu wameisoma sura hiyohiyo hadi mwisho? Kuanzia katikati anaingia mkulima, mchonga mihuri, mhunzi aliyekaa kando ya fuawe akiunguzwa na moto, na mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa miguu. Mwandishi anakiri kwamba hawa hawatafutwi kwenye baraza la wazee wala hawaketi kiti cha hakimu, ila pasipo wao mji hauwezi kukaliwa, na kwamba kazi ya mikono yao ndiyo sala yao. Tabibu na fundi wamo katika sura moja. Sisi ndio tuliowatenganisha, mmoja tukamweka mezani na mwingine tukamweka stoo. Yohane Paulo huyohuyo, aliyewahi kufanya kazi machimboni na kiwandani katika ujana wake, alifundisha katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981 kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa mtu anayeifanya, si kwa aina ya kazi. Tulifanyia mtihani waraka huo seminarini, tukapata alama nzuri.

Kwa hiyo tuna maombi, nayo tunayatoa kama maombi kweli, si kama amri. Akina mama wa WAWATA, ambao kila mwaka huenda kuwatembelea wagonjwa na sabuni, sukari na khanga, tunawaomba waendelee, ila sehemu ya mchango huo iwekwe kando kwa ajili ya mipira, balbu, fyuzi na sponji. Hivi ni vitu vya bei ndogo, visivyopigwa picha na mtu yeyote, nasi tungefurahi siku moja kubariki katoni ya fyuzi. Halmashauri ya Walei imekubali kwamba chumba kimoja cha nyumba ya wageni ya parokia kitengwe kwa mwanafunzi yeyote wa fildi anayepangiwa hospitali ya jirani, awe Mkatoliki, Mwislamu au ndugu zetu Wamennonite ambao wametibu watu wa pande hizi tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mafundi wa hospitali hawana dhehebu. Jumuiya zitapokezana chakula. Na kwa wale wasomaji wetu walio viongozi katika hospitali na halmashauri, tunasema kwa heshima yote: mwanafunzi anapofika na barua ya chuo, mpeni stoo, msimpe mafaili. Mpeni na mtu wa kumwangalia, maana mwanafunzi akiachwa peke yake na mashine inayogusa uhai wa mtu, hilo nalo ni kosa.

Juu ya ajira hatutasema mengi, si kwa sababu hakuna la kusema. Binti huyu akihitimu atahitaji nafasi ya kazi yenye mshahara, na nafasi hizo parokia haiwezi kuziumba. Kama bajeti ya hospitali ina kifungu cha kununua mashine na haina kifungu cha mtu wa kuitunza, Misa zetu zote hazitaifanya iishi. Mgonjwa wa Tarime au Mugumu anayeshindikana hapa hupelekwa mbali, wengine hadi Bugando kule Mwanza, karibu kilomita 300 kwa anayetoka Tarime. Mara nyingine tunajiuliza ni wangapi wamesafiri umbali huo kwa sababu ya sponji isiyooshwa.

Tulisema kwamba baba yake hakuja wakati ule. Alikuja juma la saba, na si kumwangalia binti. Alileta mkwe wake aliyekuwa akibanwa na kifua, wakamweka kwenye mashine ya oksijeni, naye akakaa kando ya kitanda usiku mzima akiisikiliza ikipumua. Asubuhi binti alipita na sponji mkononi, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kuosha. Mzee alimtazama anavyoifungua mashine nyuma, anavyoirudisha, anavyoandika tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Walisalimiana kwa desturi, binti akapiga goti, akaendelea na kitanda kinachofuata. Mzee alipotupitia ofisini siku hiyo hakugusia habari za redio. Aliuliza tu josho la mashine ni mara ngapi kwa juma.

Binti huyo anarejea chuoni Arusha Jumamosi ijayo. Mwenye nafasi katika gari lipitalo hifadhini kwenda Arusha, tafadhali aonane na katibu wa parokia kabla ya Alhamisi. Mzigo wake ni begi moja na kisanduku cha vifaa, ambacho hatakubali kiwekwe kwenye buti.